Nilivyosawazisha Kioo cha Mama Lugano

Nimestaafu mwezi uliopita, na tangu hapo nimeifungua redio ya nyumbani mara nne. Haina ubovu wowote. Mke wangu ameficha bisibisi na kuniambia nikae nipumzike kama wazee wenzangu, lakini kukaa sikujaaliwa. Ndiyo maana naandika. Vijana wa ofisini mliniomba niwaachie maelezo ya kazi, nadhani mkitegemea orodha ya nywila na mahali ulipo ufunguo wa stoo. Nywila ziko kwenye bahasha, droo ya juu. Hapa nitaandika mengine, na habari za vyeo na mishahara msizitafute, maana hazikunifundisha kitu.

Nilianza na mashine za kuchapa. Ulikuwa mwanzo wa soko huria. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na vifaa vyake vinauzwa mnadani vikiwa na kutu. Mzee Salimu, fundi pekee wa mashine hizo pale Kyela mjini, alizinunua, akaziosha kwa petroli na mswaki wa meno, akawauzia watu waliokuwa wanafungua vibanda vya kuchapa barua. Mkewe alikuwa mtu wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo tepe za wino zilitufikia kupitia kwa mashemeji kabla hazijaonekana madukani.

Siku yangu ya kwanza alinipa mashine isiyopiga herufi M. Niliifungua yote. Jioni nilikuwa na M inayopiga vizuri na skrubu tisa zimebaki mkononi. Mzee Salimu alizihesabu, akazitia kwenye kopo, akasema, "Mashine imepona. Sasa tusubiri tuone itakufa lini." Ilikufa Jumatano.

Alinivumilia miaka sita. Alinifundisha kusikiliza mlio wa roli iliyochakaa, kunyoosha mkono wa herufi kwa koleo bila kuuvunja, na kumrudishia mteja mashine ikiwa safi kuliko alivyoileta. Lawama yake kwangu ilikuwa ileile kila wiki. "Gwamaka, wewe hujawahi kumsubiri mtu amalize kueleza ugonjwa wa mashine yake." Kweli sikuwahi. Mtu akifika sentensi ya pili mimi nimeshatoa mfuniko.

Kompyuta zilikuja wakati macho ya mzee yameanza kufifia. Chama chetu cha wakulima wa mpunga na kakao kilipata sita kutoka kwa marafiki wa nje, zilizokwisha kutumika, nami nikaajiriwa kuziangalia. Ndani ya maboksi kulikuwa na CD za programu huria, yaani programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na hata kuzifungua ndani aone zilivyotengenezwa. Mwenyekiti, Mzee Andongwisye, aliuliza kama huria maana yake ni bure. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Kasoro yake iko wapi?" Nikasema hakuna. Lilikuwa jibu la mtu mwenye hamu ya kufungua maboksi.

Hali ya hewa ya Kyela haizipendi kompyuta. Unyevu unaingia kila mahali, sisimizi wanafuata joto, na mijusi hutaga ndani ya mashine kana kwamba imewekwa kwa ajili yao. Kila Ijumaa nilitoa mifuniko na kupuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Adui mkubwa zaidi alikuwa radi. Mvua ikijikusanya juu ya ziwa, ngurumo hutufikia kabla ya tone la kwanza, na tulikwisha kuunguza modemu moja. Nikaandika kanuni kwa kalamu nene, nikaibandika ukutani: ukisikia ngurumo, funga programu zote, zima mashine, chomoa waya. Kanuni hiyo iliheshimiwa kuliko katiba ya chama.

Aliyeitii kuliko wote ni Mama Lugano, karani wetu mpiga chapa. Jina lake Tusekile, mjane wa kijiji cha Ngonga. Alisomea uhazili enzi zile ambazo mwanafunzi alifunikwa mikono kwa kitambaa ili asione vitufe, na mpaka anavuka miaka hamsini macho yake yalikuwa bado kwenye karatasi anayoinakili. Kuitazama mashine kwake ilikuwa aibu, jambo la wanaojifunza. Alipohamia kwenye kompyuta alihama na tabia yake: macho kwenye daftari, vidole vinakimbia, na kusevu ni mwishoni wakati wa kufunga, kwa sababu katika maisha yake karatasi iliyochapwa haikuwahi kujifuta. Nilimwambia mara kadhaa asevu kila baada ya ukurasa. Alijibu, "Sawa, baba," akaendelea na utaratibu wake. Katika miaka miwili hakuwahi kupoteza hata barua moja, nami nikaacha kumsumbua.

Sasa nije kwenye kioo chenyewe, yaani kioo cha kompyuta. Programu za mfumo ule zilitoka kwa koo mbili za watengenezaji, na kila ukoo ulivaa kivyake. Programu ya barua ilikuwa na fremu ya bluu, herufi ndogo na vitufe vya mviringo. Programu ya orodha, tuliyoitumia kwa majina ya wanachama misimu ya mbegu, ilikuwa ya kijivu kizito, herufi kubwa, vitufe vyenye kona. Ukizifungua pamoja ungedhani kompyuta mbili zimegongana. Siku moja ofisa mmoja kutoka Mbeya alisimama nyuma yangu akacheka. "Fundi, hii nguo ya viraka mmeitoa wapi?" Alikuwa anatania. Akanywa soda yake, akaondoka, akasahau. Mimi iliniwasha miezi miwili.

Nilibadilisha rangi upande mmoja, upande wa pili ukabaki vilevile. Nilikuza herufi, maneno yakamwagika nje ya vitufe. Kidogo kidogo niligundua kwamba kila ukoo unasoma mavazi yake kwenye faili lake, lililofichwa ndani ya folda ya mtumiaji, na hakuna unaosoma faili la mwenzake. Kuna siku nilifanikiwa kabisa, nikamwita Mwenyekiti aje aone. Mama Lugano akaingia kwa jina lake mbele yetu, na viraka vikarudi palepale, kwa sababu kila kitu nilikuwa nimekipanga kwenye jina langu. Mwenyekiti alisema, "Naona," akarudi kwenye kikao chake.

Hilo mlishike, limewala mafundi wengi siku nzima: kabla ya kuhangaika na mwonekano, uliza kwanza nani ameingia. Pia faili la zamani lililojificha linaweza kulishinda jipya. Lipe jina jingine, usilifute, kisha toka uingie upya. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hilo la mwisho nawapa kwa sababu nimelisoma. Kulifanya sikuwahi.

Mwishowe nilipata kwenye CD moja vazi lililoshonwa kwa ajili ya koo zote mbili. Nikaliweka kwenye mashine zote sita, kwa kila mtumiaji. Bluu moja, herufi za aina moja, vitufe vya mviringo kila mahali. Nilizunguka chumba nikitazama vioo, nikatoka nje, nikarudi kuvitazama tena. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nikamwuliza Mama Lugano anaonaje. "Imependeza, fundi," alisema, macho yakiwa kwenye daftari.

Mwezi uleule mvua zilizidi na mito ikapasua kingo. Mpunga ukazama. Tukaahidiwa mbegu za kupandia upya, kwa sharti kwamba majina ya walioathirika yafike Mbeya yakiwa yamechapwa. Makatibu wa vijiji wakaleta majina kwenye madaftari ya shule, mengine yakiwa bado yamelowa. Mama Lugano alianza na Ndandalo. Alichapa kutwa nzima, alasiri ngurumo ikapiga, akafunga, akazima, akachomoa. Asubuhi orodha haikuwepo. Barua aliyoichapa siku hiyohiyo ilikuwepo. Akarudia yote tangu jina la kwanza, na alasiri ngurumo zikaja tena kama kawaida ya msimu ule. Kesho yake, barua ipo, orodha haipo.

Kamati ikaitwa. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba radi inayochukua majina ya watu na kuacha barua si radi ya kawaida. Mjumbe wa Ndandalo hakutaka habari za radi. Alisema Mama Lugano ni mtu wa Ngonga, na mbegu hazitatosha wote, basi tujiulize kwa nini ya Ndandalo ndiyo inayopotea. Ya Ngonga ilikuwa haijaanza hata kuchapwa, lakini neno la namna hiyo likishatoka halingoji ushahidi.

Mwenyekiti akanigeukia. "Fundi, mashine ina kosa?"

Nilikuwa nimepima diski. Nilikuwa nimebadilisha waya. Nilikuwa nimechapa majina kumi ya uongo, nikayasevu kwa vitufe vya kibodi kama ninavyofanya siku zote, na yalikuwepo. Nilijibu nikiwa nimesimama, nina haraka ya kurudi kwenye modemu. "Mashine haina kosa."

Mama Lugano alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani. "Nimesevu, wazee wangu," alisema. "Mkono wangu umesevu." Mimi nilikuwa tayari nakusanya bisibisi zangu. Kamati ikampa siku moja ya mwisho. Orodha ikipotea mara ya tatu, arudishe ufunguo wa ofisi.

Siku hiyo sikutakiwa kuwepo. Nilikuwa niende Ipinda kufunga antena, lakini jana yake nilikanyaga msumari ndani ya maji ya mafuriko, mguu ukavimba, na mganga wa zahanati akaniambia nikitembea ataufunga na mguu wa kitanda. Nikabebwa kwa baiskeli hadi ofisini, nikawekwa kwenye kiti pembeni ya Mama Lugano, mguu juu ya boksi la karatasi. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama akifanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni. Miaka miwili nilikuwa napita tu nyuma ya kiti chake.

Msidhani nilikaa kwa utulivu. Nilihesabu boriti za dari. Nilipanga upya skrubu kwenye kopo. Mchana alinigawia mbalaga, ndizi zetu za kupika, kutoka kwenye hotpoti yake, tukala. Nilipomaliza nikashindwa kujizuia.

"Mama, sevu sasa hivi, tuwe na amani."

"Fundi, leo usiniambie kitu," alisema. "Kama nakosea, acha nikosee mwenyewe nijue."

Ngurumo ikapiga saa tisa na nusu. Akashika mausi. Akafunga barua, kisanduku kikatokea kuuliza kama ahifadhi, mkono ukaenda kushoto, ukabonyeza. Akafunga orodha; kisanduku kikatokea; mkono ukaenda kushoto, ukabonyeza. Macho yalikuwa kwenye daftari, kidole cha mkono wa pili kikiwa juu ya jina la mwisho. Akazima, akachomoa. Mvua ilipopita Mwenyekiti alikuja na wajumbe wawili, tukawasha. Barua ipo. Orodha haipo.

Mama Lugano alilifunga daftari. Kisha akatoa ufunguo kwenye fundo la kitenge, akauweka juu ya meza. "Ndaga fijo," akawaambia, asanteni sana, kwa sauti ileile ambayo mtu anashukuru kwa chakula. Akachukua mkoba na hotpoti, akatoka.

Nilibaki na ule mkono machoni. Mara mbili, mahali palepale. Walipoondoka nikajivuta hadi kwenye kiti chake, nikafungua programu zote mbili, nikaandika upuuzi, nikafunga. Kwenye barua, kitufe cha kuhifadhi kilikuwa cha kwanza kushoto. Kwenye orodha, cha kwanza kushoto kilikuwa cha kufunga bila kuhifadhi, na cha kuhifadhi kilikaa mwisho kulia. Koo mbili, desturi mbili. Niliona aibu, kwa kuwa visanduku hivyo nilikuwa nimevifunga mara elfu bila kuvisoma. Lakini palikuwa na jambo halikai sawa. Vitufe vilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na kwa miaka miwili mama huyu hakupoteza kitu.

Asubuhi nikapanda baiskeli ya kukodi hadi Ngonga, mguu ukining'inia. Nilimkuta Mama Lugano uani na binti yake Lugano, wanaanika mpunga uliookolewa kwenye maji, unanuka uvundo. "Mugonile, mama," nikamsalimu. Aliitikia bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja," nikasema. "Zamani ulikuwa unasevu vipi?"

"Kamati imekutuma unihoji tena?"

"Nimejituma. Nionyeshe tu mkono unavyokwenda."

Alinitazama, kisha akanyoosha mkono wa kulia hewani, mpunga umeganda kwenye vidole. "Ya bluu, kushoto mwanzo. Ya kijivu, kulia mwisho."

"Na unajuaje uko kwenye ipi, na wewe huangalii kioo?"

"Si rangi? Naiona kwa pembeni. Sihitaji kuinua macho." Mkono ukabaki hewani. Halafu akasema polepole, "Ya kijivu siku hizi haipo. Nilidhani mliiondoa."

"Haikuondolewa, mama. Ipo. Niliipaka bluu."

Alikaa chini, palepale kwenye ukingo wa mkeka. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. "Ee Kyala, Mungu wangu," alisema, "kumbe sijachanganyikiwa." Akafunika uso kwa kitenge. Lugano ndiye aliyenieleza kwamba tangu orodha ya pili ipotee mama yake alikuwa anaonja chumvi mara tatu akidhani amesahau kuitia, anarudi njiani kuhakikisha moto umezimwa, na Jumatatu walikuwa waende Mbeya akapimwe kichwa. Nauli walikuwa wamekwisha kuazima kwa mjomba. Niliwaza ile miezi miwili niliyohangaika na herufi na vitufe, nikatamani ardhi inifunike.

Siku iliyofuata niliomba kamati ikae, na Mama Lugano awepo. Nilisema kosa ni langu.

"Ulituambia mashine haina kosa," Mwenyekiti alisema.

"Haina, mzee. Kosa ni la fundi."

Maelezo yangu hayakuwaingia, basi nikamwomba mjumbe wa Ndandalo akae kwenye kiti. Nikampa daftari ashike kwa mkono mmoja, achape jina lake kwenye barua na kwenye orodha, kisha afunge zote kwa kubonyeza kushoto, macho yasitoke kwenye daftari. Alichapa kwa kidole kimoja, muda mrefu. Akafunga. Tukafungua tena. Jina lake kwenye barua lilikuwepo. Kwenye orodha, mtu wa Ndandalo hakuwepo. Alikitazama kioo, akamtazama Mama Lugano, akasema, "Mama, tusamehe." Mwenyekiti akausukuma ufunguo mezani hadi mbele ya mama huyo. Mimi niliomba maji ya kunywa.

Mchana huohuo nikairudisha kijivu. Vitufe vyenye kona, herufi kubwa, kila kitu kilivyokuwa. Nilifanya haraka, kisha nikabaki nimesimama mlangoni nisijue pa kwenda, na Mama Lugano akaketi na daftari la Ndandalo kwa mara ya nne. Alipomaliza akafunga barua, mkono kushoto. Akafunga orodha, mkono kulia. Akafungua tena mwenyewe, bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatazama kioo muda mrefu, anashusha majina taratibu mpaka la mwisho. Yote yalikuwepo.

Nikasema haya, namshukuru Mungu, nikageuka niondoke.

"Fundi," akaniita. "Nikuulize. Siku ile niliposema mkono wangu umesevu, ulidhani nasema uongo, au ulidhani nimezeeka?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sikudhani lolote kati ya hayo. Sikuwa namfikiria yeye kabisa. Nilikuwa nafikiria rangi.

Alitikisa kichwa kidogo, akavuta daftari la Ngonga, akalifungua ukurasa wa kwanza.

"Bora ungenidhania mwongo," alisema, akaanza kuchapa.